Nyuma ya dubu kuna chuma: mwongozo wa kumpiga picha dubu mwitu penye viwanda, kutoka Valdez, Alaska

Dubu wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu alikuwa amesimama juu ya ukuta wa zege, salmoni mdomoni bado anatapatapa, maji yanamchuruzika kidevuni. Nyuma yake palikuwa na ngazi ya chuma ya rangi ya njano, uzio wa waya na nguzo ya taa. Nilipoteza karibu nusu saa nikitafuta pa kusimama ambapo vyuma vile havingeonekana. Niliporudi nyumbani Anchorage na kufungua kompyuta, nilikuta picha zaidi ya mia tatu za dubu asiyekamilika: hii imemkata mguu, ile imemkata sikio, yote kwa ajili ya kuikimbia ngazi. Iliyokuwa na uhai ni moja tu, nayo niliipiga nikiwa nimerudisha lenzi nyuma ili nifute matone ya mvua. Dubu ni mdogo, chuma kimemzunguka kila upande, na unaona wazi kwamba pale ni kwake.

Tangu siku hiyo sifichi chuma. Dubu wengi wa leo wanaishi jirani na mabomba, mabwawa, barabara za malori na bandari, na picha inayoyafuta hayo yote inamdanganya mtazamaji kuhusu maisha ya mnyama huyu. Lakini ukitaka kupiga picha ya kweli ya namna hiyo, lazima uwe mwangalifu kuliko mpiga picha wa msituni, kwa sababu dubu aliye karibu na viwanda tayari yuko karibu na watu, na kosa lako dogo linaweza kumgharimu yeye maisha.

Anchorage tupo Waswahili wa kutosha siku hizi, wengi wakiwa ndugu zetu kutoka Kongo, na kila kiangazi naulizwa maswali yaleyale. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika pamoja. Mfano wangu ni Valdez, mji mdogo wa bandari kusini mwa Alaska, mwendo wa kilomita 480 hivi kwa gari kutoka Anchorage. Hapo ndipo linapoishia bomba kubwa la mafuta linaloanzia Prudhoe Bay kaskazini, kilomita 1,287, lililoanza kupitisha mafuta Juni 1977. Na hapohapo, kando ya Barabara ya Dayville inayoelekea kwenye lango la kituo cha kupakia mafuta melini, kuna kituo cha kutotolesha salmoni kiitwacho Solomon Gulch. Ng'ambo ya barabara kuna mtambo wa umeme wa maji. Dubu weusi wanapita katikati ya vyote hivyo, na mara mojamoja hutokea dubu wa kahawia.

Hatua ya 1: Jua dubu amefuata nini pale

Usianze na kamera, anza na tumbo la dubu. Dubu hana muda wa kutalii. Ana miezi michache ya kula kabla ya kuingia kwenye pango la majira ya baridi, na kila mahali unapomwona penye chuma, kuna chakula au njia ya kwendea kwenye chakula.

Pale Solomon Gulch ni samaki. Vifaranga vya salmoni hutotoleshwa kituoni, huachiwa baharini, na wakikua hurudi kwa harufu ya maji mpaka kwenye kijito kilekile. Salmoni wa waridi, ambaye maisha yake yote ni miaka miwili, huanza kurudi mwishoni mwa Juni na hujaa zaidi mwezi Julai. Salmoni wa fedha hufuata Agosti na Septemba. Wakifika kijitoni wanakuta uzio wa chuma unaowazuia kupanda juu na kuwaelekeza kwenye njia ya kuingia kituoni. Kwa mtu wa pwani ni rahisi kuelewa: ni wando, ule uzio wa kutegea samaki, ila wa chuma. Samaki wanajazana mbele yake mpaka maji yanakuwa meusi, na dubu anajua.

Kwingineko sababu ni nyingine. Kandokando ya barabara na mabomba jua linafika ardhini mapema, theluji inayeyuka kabla ya msituni, na majani machanga huota hapo kwanza, kwa hiyo mwezi Mei na Juni utamkuta dubu anachunga pembeni ya lami kama ng'ombe. Kaskazini kabisa, kwenye matuta ya changarawe yaliyojengwa kwa ajili ya visima vya mafuta, kindi wa ardhini huchimba mashimo yao, na dubu wa kahawia huwafukua. Na wakati mwingine, kwa masikitiko, sababu ni taka za watu.

Ukishajua sababu unaweza kubashiri: atatokea wapi, ataelekea wapi akishiba, na ni njia gani hupaswi kusimama. Ukimwona dubu penye chuma na hujui amefuata nini, kaa ndani ya gari mpaka ujue.

Hatua ya 2: Panga safari kwa maji, si kwa saa

Hapa sisi tuliokulia pwani tuna faida ambayo wapiga picha wengi hawana. Valdez maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama kwetu, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti yake inaweza kupita mita 4. Maji yakijaa, samaki wana kina na dubu hapati kitu kwa urahisi, na mara nyingi simba bahari ndio wanaotawala. Maji yakipwa, samaki wanakwama kwenye mabwawa madogo na mawe, shakwe wanashuka kwa maelfu, na dubu wanateremka kutoka vichakani.

Tafuta jedwali la maji la Valdez linalotolewa na NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa. Tafuta siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu, kisha uangalie ni siku zipi maji yanapwa alfajiri au usiku wa mapema. Kumbuka kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Ukipata siku ambayo maji yamepwa kabisa saa mbili au saa tatu usiku katikati ya Julai, shika hiyo.

Usishtuke kusikia picha za saa tatu usiku. Julai katika Valdez jua huzama kwenye saa tano usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Zaidi ya hapo, kituo kiko upande wa kusini wa ghuba, ufukwe wake unatazama kaskazini, na jua la jioni wakati huo wa mwaka linatoka kaskazini-magharibi. Likiwa halijazibwa na milima, linavuka maji yote ya ghuba na kumpiga dubu usoni, na zege lililolowa linang'aa kama shaba. Hali hiyo haidumu. Mimi nimeipata jioni tatu tu kwa miaka minne, kwa sababu Valdez ni mji wa mawingu na mvua.

Na mvua usiiogope. Nitaeleza chini kwa nini naipenda.

Hatua ya 3: Fahamu mipaka ya mahali

Kituo cha mafuta ni eneo la ulinzi. Barabara ya umma inaishia langoni, na maji yaliyo mbele ya gati nayo yana mipaka yake, kwa hiyo usikodi boti ukajisogeza bila kuuliza. Ukiwa kwenye barabara ya umma una haki ya kupiga picha, lakini mlinzi akija kukuuliza, mjibu kwa upole, mwoneshe picha za dubu ulizopiga, na yaishe. Fuata mabango ya barabarani yanayokataza kusimama. Magari ya kazi yanapita pale usiku na mchana, na gari lako likizuia njia utakuwa umewaharibia wote wanaokuja nyuma yako.

Ukienda kaskazini kwenye barabara ya Dalton, kilomita 666, sehemu kubwa ikiwa changarawe, zinazofuatana na bomba, kumbuka ni barabara ya malori. Egesha nje kabisa ya njia. Usipande kwenye bomba wala vifaa vyake. Ukifika Deadhorse, barabara inapoishia, huwezi kuendesha gari lako mpaka baharini: sehemu iliyobaki ni ya mashamba ya mafuta, na unaingia kwa ziara iliyoidhinishwa, ukijiandikisha mapema.

Hatua ya 4: Vifaa

Lenzi ndefu ndiyo kila kitu: mm 100 hadi 400 ni ya chini kabisa, 150 hadi 600 ni nzuri zaidi. Kamera ya pili yenye lenzi fupi, mm 24 hadi 70, kwa ajili ya mandhari. Mfuko wa mchele wa kuegemeza lenzi kwenye dirisha la gari, kama wanavyofanya madereva wa Serengeti. Ukisahau nyumbani, nunua kilo mbili za mchele dukani, zitafanya kazi ileile na baadaye utazipika. Kifuniko cha mvua cha kamera, vitambaa vitatu vikavu, darubini. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, maana baridi huzimaliza.

Dawa ya pilipili ya kupulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mzigo, kwa hiyo nunua ukishafika Anchorage. Soma tarehe ya mwisho kwenye kopo. Na ivae kiunoni. Mwaka wangu wa pili niliiacha kwenye begi, begi likiwa kwenye buti la gari. Dubu jike alitokeza kwenye kona ya ukuta mita kama kumi na tano kutoka niliposimama, kelele za maporomoko zikiwa zimeficha nyayo zake na zangu. Alinitazama, akapiga pua kwa nguvu kama farasi, akageuka. Mikono yangu ilitetemeka mpaka nikashindwa kufungua mlango. Kopo lile linafika mita 9 hivi tu. Lililo kwenye buti halifiki popote.

Hatua ya 5: Umbali

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, na nawaomba msiiruke.

Hifadhi ya Yellowstone inataka mtu akae angalau mita 91 kutoka kwa dubu. Denali, hapa Alaska, inataka mita 275. Kwenye Barabara ya Dayville dubu anaweza kujitokeza karibu zaidi ya hapo bila wewe kutaka, kwa sababu kijito kinapita chini ya barabara. Sheria yangu mwenyewe ni hii: nikiwa kwa miguu, mita 90 au zaidi; akikaribia kuliko hapo, niko ndani ya gari na injini imezimwa. Akikaribia gari, nafunga kioo.

Utajuaje mita 90 ukiwa umetingwa na kamera? Tumia fremu yenyewe. Kwa lenzi ya mm 600 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame, kihisi cha mwanga chenye upana wa mm 36), dubu mweusi mwenye urefu wa mita moja na nusu, akiwa ubavu, kwa mita 90 anachukua zaidi kidogo ya robo ya upana wa picha. Akifika nusu ya upana, yuko mita 50 na umechelewa kuondoka. Ukiwa na lenzi ya mm 400, nusu ya upana ina maana yuko kama mita 33. Nimeandika vipimo hivi kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye lenzi, maana jicho lililo ndani ya kamera halina akili ya umbali.

Mtambue ni dubu gani. Dubu wa kahawia ana nundu mabegani, uso uliobonyea kama sahani, masikio mafupi ya mviringo, kucha ndefu. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka kama wa mbwa, na masikio yamesimama. Usitegemee rangi: dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia kabisa.

Msome mwili. Dubu anayekula huku masikio yamelegea hana habari nawe. Akiacha kula na kukutazama, umeshamsumbua. Akipiga miayo mfululizo, akidondosha mate, akigonga meno, akipuliza pua au kupiga ardhi kwa mguu, anakwambia ondoka, na ameshasema kwa adabu. Rudi kinyumenyume polepole, ukisema naye kwa sauti ya kawaida. Mimi huwa nasema, "Samahani mama, naondoka." Kiswahili anakielewa sawa na lugha nyingine yoyote, la muhimu ni kwamba sauti inamwonesha wewe ni mtu. Usikimbie. Dubu hufikia kilomita 55 kwa saa, na hata mkimbiaji aliye bora duniani hafiki hapo.

Akikushambulia kwa kweli, mambo hutofautiana. Akiwa dubu wa kahawia anayejihami na amekugusa, lala kifudifudi, begi likibaki mgongoni, mikono imefunika shingo, miguu imetanuliwa asikugeuze, na ukae kimya mpaka aondoke. Akiwa dubu mweusi, usilale. Pigana, mlenge pua na macho. Pilipili ipulizwe kabla ya yote haya, akiwa mita 9 au chini, ukilenga chini kidogo ya kichwa chake, na uangalie upepo unakoelekea.

Penye viwanda kuna jambo moja la zaidi: pembe. Kuta za zege, makontena, matangi na nguzo nene zinamficha dubu mpaka dakika ya mwisho, na mashine au maporomoko yanaua sauti. Usipite kwenye kona usiyoiona nyuma yake. Izunguke kwa mbali. Na usisimame kamwe kati ya dubu na njia yake ya kutokea, kwa sababu uzio unaweza kuwa umembakishia njia moja tu, nayo ikawa ndiyo hiyo uliyoiziba.

Kisha kuna chakula. Sheria ya Alaska inakataza kumlisha dubu kwa makusudi au hata kwa uzembe, na uzembe ni pamoja na kuacha samaki au taka wazi. Nimewahi kumwona mgeni mmoja akirusha kichwa cha samaki kutoka dirishani ili dubu mdogo asogee kwenye mwanga. Alipata picha yake. Wiki iliyofuata dubu yule alikuwa anasogelea kila gari lililosimama, anainua pua kwenye vioo, na watoto ndani wanacheka. Dubu yule mdogo sikumwona tena mwezi uliofuata, na sikuwa na moyo wa kuuliza. Sheria inamruhusu mtu kumuua dubu anayehatarisha maisha au mali, kisha ngozi na fuvu hukabidhiwa serikali. Dubu aliyejifunza kwamba watu wana chakula hufikia hapo mapema kuliko wenzake.

Kwa hiyo hata mkate wako ule ndani ya gari, mifuko ya taka uondoke nayo, na kama umevua samaki siku hiyo, badilisha viatu.

Hatua ya 6: Kupiga

Sasa kamera. Tatizo kubwa la picha hizi ni kwamba una kiumbe cheusi tii mbele ya chuma kinachong'aa. Dubu akijaza fremu, kamera itadhani kuna giza na itamwangaza kupita kiasi, manyoya yageuke kijivu. Chuma kikijaza fremu, itafanya kinyume, na dubu atakuwa doa jeusi lisilo na macho. Usiiachie kamera iamue. Weka mwanga kwa mkono: pima kwenye zege lililolowa au changarawe, ambavyo vina ukijivu wa katikati, kisha uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, uhakikishe sehemu nyeupe za chuma hazijaungua. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, ili uweze kuvuta manyoya baadaye.

Hapa ndipo mvua inapokuwa neema. Siku ya mawingu, chuma hakimetameti, tofauti kati yake na manyoya inapungua, na manyoya yaliyolowa yanapata mistari myembamba ya mwanga ambayo siku kavu huioni. Picha zangu tano bora zote nimezipiga nikiwa nimelowa mpaka soksi.

Kasi ya shata: sehemu 1/1000 ya sekunde dubu akikamata samaki, 1/500 akitembea. Tundu la lenzi f/8 ikiwa unataka dubu na chuma vyote vionekane vizuri. Ukifungua zaidi, bomba linakuwa ukungu tu na maana ya picha inapotea. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande mpaka 3200, usiwe na hofu nayo. Chembechembe kwenye picha zinasameheka, dubu aliyetikisika hasameheki.

Fokasi ya kamera za kisasa inapenda sana waya na reli. Tumia nukta moja, iweke kwenye jicho. Ikiwa lazima upige kupitia uzio, fungua lenzi kwa tundu kubwa kabisa, sogeza lenzi karibu na waya bila kuugusa, na waya utayeyuka. Lakini fanya hivyo tu dubu akiwa mbali ng'ambo.

Siku ya jua kali changarawe na chuma vinapata joto, na kwa lenzi ndefu utaona mazigazi: dubu anapinda kama yuko chini ya maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Subiri jioni.

Kuhusu mpangilio, nitasema machache kwa sababu jicho ni lako. Chuma kina mistari iliyonyooka na dubu ni mviringo. Mweke mahali ambapo mstari unaishia kwake, au unapokatika kwa sababu yake. Bomba la Alaska lina kipenyo cha sentimita 122, yaani ni nene kuliko urefu wa dubu mweusi kutoka ardhini mpaka begani. Kwenye Dalton, ambako limeinuliwa juu ya nguzo na linakwenda kwa mizingo ili liweze kujitanua kwa joto na kuhimili matetemeko, dubu anayepita chini yake anakuonesha ukubwa wa kazi ile kuliko maelezo yoyote. Subiri apite kati ya nguzo mbili, kichwa kisiguse nguzo. Hakikisha kuna anga au maji kidogo nyuma ya kichwa, lau sivyo cheusi kitazama kwenye cheusi.

Piga pia picha ya mbali kabisa, ambayo dubu ni mdogo kama punje ya choroko na ghuba, matangi na mlima wenye theluji vyote vimo. Watu wengi hawaipigi. Ndiyo utakayoitundika ukutani.

Droni sipendekezi. Najua picha za Dmitry Kokh za mwaka 2021, dubu weupe wakichungulia madirishani kwenye kituo cha hali ya hewa kilichoachwa katika kisiwa cha Kolyuchin, Urusi, ni za ajabu, na zilipigwa kwa droni. Lakini kazi ile ilikuwa ya mtu mzoefu mahali pasipo na watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu dubu weusi wa Minnesota ulionesha kwamba droni ikipita, mapigo ya moyo wao yalipanda hata pale mwili ulipobaki umetulia. Kwa mmoja yalipanda kwa zaidi ya 120 kwa dakika. Ina maana dubu unayemwona ametulia kwenye skrini yako anaweza kuwa na hofu ambayo huioni. Hifadhi za taifa za Marekani zimepiga marufuku droni tangu 2014.

Hatua ya 7: Picha na ukweli wake

Lenzi ndefu inasogeza vitu. Wasomaji wa Nairobi mnalijua hili hata kama hamjawahi kulitaja: zile picha za twiga aliyesimama kama yuko mlangoni mwa majengo marefu ya jiji zimepigwa kutoka kilomita kadhaa. Vivyo hivyo mvuvi aliye mita 80 mbele ya dubu, kwa mm 600, ataonekana kama wanashikana mikono. Ukiichapisha picha hiyo bila maelezo, mtu atasema dubu anawinda watu, mwingine atasema dubu wamefugwa, na wote watakuwa wamepotoshwa na wewe. Andika umbali. Andika lenzi.

Usifute nguzo, waya wala namba zilizoandikwa kwenye tangi. Kurekebisha mwanga ni sawa, kufuta chuma si sawa. Na kama dubu alikuwa anakula taka, sema alikuwa anakula taka.

Solomon Gulch ni mahali panapojulikana, kupataja hakumdhuru mtu. Lakini pango la dubu, au kijito kidogo ambacho umekigundua mwenyewe kando ya bomba, futa alama ya mahali (GPS) kwenye faili ya picha yake kabla ya kuituma popote.

Jambo la mwisho ni wafanyakazi wa pale. Watu wa zamu ya usiku wanawajua dubu hawa mmoja mmoja: yule mwenye sikio lililochanika, yule jike anayeleta watoto wake kila akishapata. Wasalimie, waulize kabla hujashusha kamera, na ukipata picha nzuri wapelekee nakala. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuangalia maji badala ya saa. Chini ya picha yangu ninayoipenda, ile ya ngazi ya njano, nimeandika hivi: "Dubu mweusi, jike, kwenye uzio wa salmoni, Solomon Gulch, Valdez. Julai, saa tatu na robo usiku, maji yamepwa. Kutoka ndani ya gari, mita 70 hivi, lenzi mm 300. Mwanawe yuko nyuma ya ukuta, haonekani."